Kadi Ndani ya Pindo

Sista wa kliniki alimwambia ashushe pumzi na alegeze magoti, naye akafanya hivyo bila ubishi, maana kwa miezi mitano sasa alikuwa mtu wa kufanya analoambiwa. Kula, akala. Lala, akalala. Juu ya kitanda kile chenye mpira wa kijani aliangalia dari, akahesabu mbao sita na mahali pamoja palipovuja.

"Utasikia kubanwa, dada, kama siku zako zinataka kuja. Ukiumia niambie."

"Haya."

Chuma cha kupanulia kilikuwa cha baridi. Kikafuata kijiti chembamba cha kupimia kina cha mfuko wa uzazi, na hapo mtu mwingine angeruka. Yeye aliwaza tu kwamba kumbe hata huku unapima kwanza. Alikuwa fundi cherehani wa miaka kumi na minne, mwenye kibanda cha mlango wa bluu nyuma ya ghala la saruji, na kazi ilimjia kichwani hata pasipo mahali pake.

"Unaumia?"

"Sijui," alisema, na hilo lilikuwa jibu la kweli.

Ganzi hiyo ilikuwa na tarehe yake. Miezi mitano nyuma alijifungua mtoto wa kiume baada ya mabinti watatu, akatoka damu mpaka shuka likabadilishwa mara tatu, na mtoto hakulia. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mimba nyingine inaweza kumwondoa duniani. Maneno hayo aliyafikisha nyumbani yakiwa mazima. Mumewe, dereva wa lori la safari ndefu, alimshika bega akasema, "Madaktari nao kwa kutisha watu! Tutapata mwingine." Mama mkwe alizichukua nguo za mtoto ambazo hazikuvaliwa, akazifua upya, akazikunja na kuziweka sandukuni mwake. Fundi aliona, akaelewa, akarudi kulala.

Basi safari hii hakuaga mtu. Alisema anakwenda kununua vifungo.

Mkasi ulilia mara moja kule chini. "Tayari," alisema sista. "Kitanzi kimekaa. Uzi wake nimekuachia kidogo tu."

"Umeukata sawa?"

Sista alicheka. "Nimeukata sawa, mama. Kitakulinda na mimba miaka kumi. Rudi baada ya wiki sita nikiangalie, na hii kadi usiipoteze, tarehe zote zimo humu."

Vifungo alinunua, maana hakuwa mtu wa kusema uongo mtupu. Njiani tumbo lilimkaza, akayasikia maumivu kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Sasa kadi iwekwe wapi? Mumewe hakuwa mpekuzi, tumtendee haki, ila kila akirudi safarini hupotewa na kitu, leo chaja, kesho soksi, na akitafuta hugeuza nyumba juu chini. Kibandani nako mabinti walishinda kwenye makopo ya uzi. Fundi alisimama katikati ya kibanda na kadi yake, akatazama huku na huku, kisha akafanya wanalofanya watu wa cherehani. Wifi yake alikuwa anaolewa mwezi ujao, na familia nzima ilishonewa kitambaa kimoja, rangi ya zambarau. Gauni lake mwenyewe lilikuwa tayari isipokuwa pindo. Akaikunja kadi mara moja, akaiingiza ndani ya pindo, akashona kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana. Akalitundika, akaenda kupika.

Alikuwa na utaratibu, na wateja wote waliujua: kazi za watu ukuta wa kulia, mambo yake ukuta wa kushoto. Miaka kumi na minne haujavunjika. Siku ile aliyabadilisha: lake akalitundika kulia, la mama mkwe likabaki kushoto. Na kwa kuwa tangu uzazi ule mwili wake haujarudi, vipimo vyake na vya mama mkwe vilikuwa sawa sawia, jambo ambalo wifi alilifanyia mzaha mpaka akachoka mwenyewe. Alhamisi wifi akapita, akachukua gauni la ukuta wa kulia akidhani ni la mama yake, akaondoka nalo.

Jioni fundi alilishika gauni lililobaki kushoto, akabinya pindo. Laini. Akabinya kote, mzunguko mzima. Kimya.

Moyo ulipaswa kumwenda mbio, lakini ulitulia tuli. Aliwaza moja baada ya jingine. Mama mkwe ndiye aliyemfundisha kupiga pindo, na hajawahi kupokea nguo bila kulibinya. Anajua kusoma. Mumewe anarudi kesho. Akisikia kwa mama yake, atasema ameaibishwa, na atataka kitanzi kitolewe. Kikitolewa, mimba itakuja, na yeye atakwenda zake, na mabinti watatu watalelewa na sijui nani. Aliyawaza yote hayo kama anayesoma vipimo vya mteja asiyemjua.

Asubuhi mama mkwe alisimama mlangoni na mfuko. Hakusalimia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatoa gauni, akalitandaza magotini. Pindo lilikuwa limefumuliwa urefu wa kiganja.

"Nipe sindano."

Fundi akampa.

"Ukificha kitu kwenye pindo usiweke karatasi ngumu. Inalia." Alitoa kadi kifuani, akaiweka juu ya cherehani. "Nilikufundisha nini mimi?"

"Nimekosea ukuta, Mama."

"Hilo nimeliona." Alianza kushona. Macho yake hayakuwa mazuri tena, lakini vidole vilijua njia. "Sijafurahi. Usije ukadhani nimefurahi. Nilitaka mjukuu wa kiume, nimelala naye kichwani miezi tisa kama wewe."

"Najua."

"Hujui. Unyamaze." Akavuta uzi. "Mumeo utamwambia mwenyewe. Si leo, atakuwa amechoka, atapiga kelele za bure. Jumapili, akishashiba. Nami nitakuwepo. Akianza lolote, nitamwambia nilikuwa nimeshika kichwa chako siku ile ya damu na yeye alikuwa barabarani."

Fundi alitazama mikono ile ikishona.

Mama mkwe akakata uzi kwa meno, akapapasa pindo, akaridhika. Kisha akachungulia ile kadi bila kuigusa.

"Wameandika urudi tarehe kumi na nane. Siku hiyo watoto nitabaki nao mimi. Usiseme tena vifungo, una vifungo vya kutosha."

Alikunja gauni, akasimama, akashika mlango.

"Zile nguo za mtoto," alisema akiwa amempa mgongo, "jana usiku nimempa binti wa jirani. Anajifungua wiki hii."

Akaenda. Fundi alikaa kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye kanyagio, na tumbo likamkaza. Safari hii liliuma, likauma kwelikweli, na lilikuwa lake.