Lifti ya Mshtuko

Wachora mabango wenzake walimwita Brashi, kwa sababu mkono wake haukutetemeka hata akiwa juu ya ngazi. Tatizo lake lilikuwa Kiingereza: alikiandika kama alivyokisikia. Basi bosi wa duka la samani, aliyekuwa ameanza kupata wateja wageni, alimpigia simu amwandikie maneno mawili ya Kiingereza juu ya mlango wa lifti ya mizigo. Brashi akaenda, akaandika kwa rangi nyekundu: FRIGHT LIFT. Bosi akasifu, Brashi akapiga picha na kurudi nyumbani kifua mbele.

Jikoni alimkuta wifi yake, mwalimu wa Kiingereza, akikata vitunguu, akamwonyesha picha. Wifi aliitazama, akaweka kisu chini, akacheka mpaka akashika meza.

"Wifi yangu, ya mizigo ni freight. Ina e katikati. Wewe umeandika fright."

"Kwani fright ni nini?"

"Ni ule mshtuko, moyo unaruka ghafla. Mtu akikutokea nyuma ya mlango unamwambia, you gave me a fright, yaani umenishtua. Inakuja mara moja, inapita. Ile hofu inayokaa na mtu siku nzima ni fear."

Brashi alifikiri kidogo. "Kwa hiyo nimeandika lifti ya kushtua watu."

"Tena kwa herufi nzuri kweli."

Asubuhi alirudi dukani na kopo lake la rangi. Wabebaji walikuwa wamejaa mlangoni pa lifti wakicheka; mteja mmoja alishawaeleza maana ya neno lile.

"Dada, usiliguse," alisema Bonge, mkubwa wao. "Lifti hii inaruka, inazima taa, inasimama inapojisikia. Tumelalamika mpaka tumechoka, bosi anasema tunadeka. Angalau sasa mlango umesema ukweli."

Bosi naye akatokea kuuliza kunachekesha nini. Brashi hakuzunguka. "Nimekosea neno, bosi. Nimeandika lifti ya mshtuko. Narekebisha sasa hivi."

Bosi aliwakunjia uso wabebaji. "Lifti yangu haimshtui mtu. Mama, twende tupande wote, ukajionee."

Yeye mwenyewe siku zote alipita ngazi za wateja. Walipanda ghorofa ya kwanza salama, na bosi akaanza kutabasamu. Mara lifti ikashuka kwa kishindo, ikanesa, ikasimama. Taa zikazima. Gizani mkono ukamkamata Brashi kiwiko.

"Mama yangu mzazi," bosi alisema kwa sauti ndogo.

Brashi naye roho ilikuwa mkononi, lakini kicheko kilikuwa kinamtafuta. "Bosi, ndiyo hiyo."

"Ndiyo nini?"

"Fright."

Lifti ikalia kidogo, kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Inakaa muda gani?"

"Wifi yangu anasema inapita haraka. Ikikaa, inaitwa fear."

"Basi mimi nimeshafika huko," alisema bosi, na hapo kicheko kikamshinda Brashi, na bosi akajikuta naye anacheka, bado amemshika kiwiko.

Wabebaji waliipandisha lifti hadi ghorofa ya pili kwa kuzungusha gurudumu la mota kwa mkono. Bosi alitoka tai imeenda begani, akaketi kwenye kochi lililofungwa nailoni, akaomba maji.

"Mnapanda humu kila siku?" alimuuliza Bonge.

"Kila siku, bosi."

"Na mimi nikasema mnadeka."

"Ulisema."

Bosi alimaliza maji yake taratibu. "Nisameheni. Leo tumieni ngazi, na vitu vizito vibaki chini. Mwiteni fundi." Kisha akamgeukia Brashi, aliyekuwa ameshika brashi tayari. "Liache neno lako kwanza. Kwa sasa ndilo sahihi."

Fundi alibadilisha nyaya, mota na breki. Brashi aliitwa tena, akakwangua neno lote, maana nafasi ya e haikuwepo, akaliandika upya huku wifi yake akimtajia herufi kwenye simu, moja baada ya moja, kama anamfundisha mtoto wa darasa la kwanza.

Bosi alisema atapanda wa kwanza, peke yake. Wabebaji walibaki chini wametega masikio. Lifti ilipanda kimya, ghorofa baada ya ghorofa, na huko juu mlango ukafunguka.

"Haya," sauti ya bosi ikashuka, imetulia kabisa, "leteni makochi."