Jicho Lisilouma

Dokta Kamate aliponiambia kwamba jicho la mwanangu linaungua kwa ndani, nilimshika Sumaya kidevu nikamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Jicho lilikuwa jeupe safi. Halikuwa jekundu, halikutoa chozi wala tongo.

"Dokta, mbona ni zima?"

"Ndiyo sababu linanitisha, mama," alisema. "Lingeuma, mngekuja mapema."

Safari yetu ilianzia kwenye goti. Goti la kushoto la Sumaya lilikuwa linavimba tangu mwaka uliotangulia. Asubuhi mtoto wa miaka minane alitembea kama bibi kizee, na jua likipanda goti lililegea, akakimbia na wenzake kama vile alikuwa ananitania. Hospitali walisema ni baridi yabisi ya watoto, kwamba mwili wake unajipiga wenyewe, na kwamba ugonjwa huo mara nyingine hutoka kwenye viungo ukaingia machoni kimyakimya. Ndipo wakatutuma Keshero, upande wa pili wa mji, kwa dokta wa macho. Aliweka kidevu cha mtoto kwenye mashine yake yenye taa, akatazama muda mrefu, akasema jicho la kulia limeanza kufanya makovu.

Alinipa chupa mbili za matone. Moja ilikuwa nyeupe kama maziwa, ya kutikiswa kwanza, kila saa mtoto akiwa hajalala. Ya pili ilikuwa ya kupanua mboni ili isinate.

"Usiache hata ukiona amepona," aliniambia. "Na umpime nyumbani. Funika jicho moja, asome kwa jingine. Siku akishindwa usingoje siku ya randevu. Mlete."

Mimi nilisoma mpaka la tano tu, lakini neno la dokta nalishika. Kila asubuhi, tukishaswali na mwanga ukiingia, nilimkalisha Sumaya mlangoni, nikamfunika jicho la kushoto kwa kiganja, nikamwekea mbele juzuu yake ya Kurani ya chuoni. Alisoma bila kukwama. Nikasema alhamdulillahi, nikafunika la kulia, akasoma tena. Jirani yangu Nyirakamana, mlokole muuza majani ya sombe, alituchungulia juu ya ukuta wa mawe na kucheka.

"Mama Sumaya, kila saa unamumwagilia! Huyo mutoto ataota majani."

"Yakiota nitakuuzia wewe, Mama Munezero."

"Kwa bei ya jirani!"

Tulicheka, kumbe hofu ilikuwa imelala ndani yangu kama jiwe. Ugonjwa unaoonekana unaweza kuuchunga. Huu mimi niliutazama na sikuuona.

Jumamosi ile jioni mlima wa moto ulipasuka. Mbingu juu ya mtaa wetu wa Murara ilikuwa nyekundu kama ndani ya tanuri, na watu wakaanza kupita mbio wakiwa na magodoro vichwani, machukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, yakigonga mawe. Nilitia chupa mbili kifuani, nikamfunga Sumaya mgongoni kwa kitenge, maana goti lisingemfikisha mbali. Kukimbia nakujua. Waasi walipoingia mji nilikimbia naye akiwa tumboni, na baba yake, Rachid, alikuwa bado hai. Miezi michache baadaye risasi zilimkuta kwenye usukani, njia ya Rutshuru. Lakini sikuwahi kukimbia huku natazama saa.

Kwenye kona tulimpita Muzee Habarurema, asiyeona. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake nje ya mlango, radio mapajani, akiita majina ya wajukuu wake mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeitika. Niliwapigia kelele vijana wawili wamshike mkono, wakamshika, tukaenda. Mgongoni niliisikia shingo ya Sumaya ikigeuka kumtazama, nayo haikurudi mpaka tulipokata kona.

Moto ulisimama kabla ya kufika kwetu. Jumapili tulirudi nyumbani, na Habarurema naye alikuwa kwake. Wajukuu walikuwa wamegeuka njiani kumfuata. Nilidhani yamekwisha. Lakini ardhi ilianza kutetemeka, haikuacha. Sahani zililia kabatini, kuta zikapasuka, barabara ikafunguka ufa ambao ungeweza kuingiza mkono. Alhamisi asubuhi serikali ikatangaza mitaa kumi ihame, na Murara imo. Walisema moto uko chini ya mji.

Tulikwenda mji mdogo wa Sake pamoja na Nyirakamana na watoto wake, mguu kwa mguu na mji mzima. Vumbi jeusi lilitujaa puani. Kila saa nilisimama kando ya barabara, nikamlaza Sumaya kwenye paja, nikamtia tone, watu wakitupita na kutugonga. Mtu mmoja alinitukana. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto ili asifumbue haraka.

Usiku tulilala darasani, kwenye shule moja, familia juu ya familia. Asubuhi nikamkalisha Sumaya penye mwanga kama kawaida. Nikafunika jicho la kushoto, nikafungua juzuu. Alianza vizuri, sauti yake ndogo imetulia. Katikati ya sura ardhi ikatikisika kwa nguvu, wanawake wakapiga yowe, kitabu kikaniponyoka. Ilipotulia nikakiokota na kumwekea mbele. Akaendelea palepale alipoachia.

Alisoma aya nzima ndipo nilipoona nimekishika juu chini.

Sikukigeuza. Nilimwacha amalize, hakukosea hata herufi moja. Nikakifunga polepole, kiganja changu kikiwa bado kwenye jicho lake zima.

"Sumaya, vidole vingapi?"

"Tatu."

Sikuwa nimeinua kidole.

"Tazama vizuri, mwanangu."

"Mbili." Akanyoosha shingo mbele. "Mama, nne?"

Nilimvuta kifuani. Sura hizo alikuwa anazijua kwa moyo tangu zamani, mwalimu wa chuo alikuwa akimsifu kwa majirani, na mimi nilimsifu pia.

"Tangu lini huoni na hili?"

"Kulikuwa moshi kwanza. Moshi mudogo. Halafu ile siku ya mlima ukaongezeka."

"Mbona hukuniambia?"

Alinikumbatia shingo kwa nguvu mpaka ikaniuma. "Mutu asiyeona banamuacha. Muzee Habarurema banamuacha kwenye kiti."

Nyirakamana, aliyekuwa anakoroga uji nje ya mlango, alisikia. Akaacha mwiko, hakutania.

Namba ya kliniki ilikuwa kwenye boksi la dawa. Simu iliita, ikakatika, ikaita. Mwishowe alipokea Louise, muuguzi wa Keshero. Nilimweleza.

"Dokta yupo," alisema. "Wagonjwa wamekimbia, yeye yupo. Mama, mlete leo. Usiseme kesho. Leo."

Nyirakamana alinishika mkono. "Unarudi kule? Banasema moto uko chini ya barabara. Banasema gazi ya sumu iliyo chini ya ziwa inaweza kutoka, itamaliza watu wote bila kelele."

"Nimesikia."

"Basi ngoja hata siku mbili, tuone."

"Jicho halingoji, Mama Munezero. Wewe niombee kwa njia yako, nami nitaomba kwa yangu."

Alinifungia uji kwenye chupa ya maji, akamfunika Sumaya kichwa kwa leso yake, akageuka ili nisimwone uso.

Kijana wa pikipiki tuliyempata alinitazama kama mwehu. "Mama, mutu yote anatoka, wewe unaingia? Umesahau sufuria jikoni?"

"Nimesahau jicho," nikamwambia. Akawasha pikipiki.

Barabara yote ilitujia usoni: watu, mbuzi, magari yenye vitanda juu. Sisi peke yetu tulielekea kwenye mlima, na moshi wake ulikuwa umelala juu ya mji. Nilisoma kila dua ninayoijua. Zilipoisha nikazirudia.

Kliniki ilikuwa tupu, kioo cha mlango kimepasuka. Dokta Kamate hakuniuliza mengi. Alimweka Sumaya kwenye mashine, ardhi ikatikisika, akangoja, akamweka tena.

"Mboni imenata karibu yote," alisema. "Matone peke yake hayatafika. Nitachoma sindano ya dawa hapa pembeni, chini ya ngozi nyeupe ya jicho. Na la kushoto nalo limeanza, lakini hilo tumeliwahi."

Louise alimlaza Sumaya, akamtia dawa ya ganzi. Mimi nilishika kichwa chake kwa mikono miwili. Dokta akaisogeza sindano. Vyombo vikaanza kulia kwenye sinia, taa ikayumba, akaurudisha mkono wake haraka hadi kifuani.

"Tungoje ipite."

Ikapita. Akasogea, ikaja nyingine. Jasho lilimtiririka dokta kwenye nyusi, Louise akamfuta.

"Mama," Sumaya alinong'ona, hakuthubutu hata kupepesa, "nyumba ikianguka utaniachia?"

"Nimekushika."

"Lakini ikianguka?"

"Itatukuta hivi hivi."

Nilisikia ardhi chini ya nyayo zangu ikinguruma kwa mbali, kisha ikawa kimya. Sijapata kusikia kimya kirefu namna ile. Dokta alinitazama juu ya barakoa.

"Sasa," alisema, na sindano ikaingia.

Mtoto alikaza mwili kama ubao. Hakupiga kelele. Dokta alipoitoa, niliketi kitini kando yake.

"Ataona, dokta?"

Alikuwa anavua glavu, hakuharakisha. "Sijui. Kesho nitatazama kama mboni imefunguka, nitachoma tena ikihitajika. Mtalala wapi? Murara hakuruhusiwi."

"Hapa."

"Mama, hata mimi sijui kama hapa ni salama."

"Wewe utakuwepo kesho?"

"Nitakuwepo."

"Basi na sisi."

Nilitandika kitenge kwenye korido, mbali na kioo. Louise alikuwa amemfunga Sumaya jicho la kulia kwa bandeji, na la kushoto alilifumba mwenyewe kwa hofu, hakutaka kulifumbua. Mji nje haukuwa na sauti, hakuna gari, hakuna adhana, mbwa tu. Niliuingiza mkono wake ndani ya ushungi wangu. Kila ardhi ilipotikisika aliuliza, "Mama?" nami nikamjibu, "Nipo," mpaka asubuhi.