Jani Chachu la Mzee Chepyegon

Mzee Chepyegon alikuwa akitafuna shairi langu. Alilitafuna polepole, kama ng'ombe asiye na safari, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wakimtazama mdomo. Nilisimama katikati ya boma lake, suti imenibana kwapani, nikingoja kujua kama nitapewa binti yake Cheptoo au nitarudi Kericho mikono mitupu.

Ukame wa mwaka ule ulikuwa umebabua majani chai mpaka kiwanda alichofanyia kazi baba yangu mdogo, Ouko, kikanyamaza. Pale Silibwet, nyumbani kwa Mzee, kijani kilichobaki kilikuwa gugu la majani manene linalotambaa uani, lile wachungaji hutafuna wakishikwa na kiu. Alfajiri niliyokwenda kuomba nipangiwe siku ya posa, nilichuma jani moja nikalionja. Lilikuwa chachu kama ndimu changa. Nikajiuliza ni nani mwingine katika Kenya nzima angeliona shairi mahali pale. Vina na mizani nilijifundisha mwenyewe, na unyenyekevu hakuna aliyenifundisha.

Basi siku ya posa, alasiri, nikaghani:

*Jani limo uwanjani, ukame halitambui,*
*Ukali wake kinywani, kupungua haujui.*

Nikamalizia kwamba mapenzi yangu ni jani hilohilo. Hapo ndipo Mzee alipoinama, akachuma, akatia mdomoni.

"Kijana," akasema, "hii jani haina ladha. Kama mapenzi yako ni hii, si ni maji tu?"

Boma zima lilicheka. Damu ikanipanda. Nilidai kuna mtu aliyeng'oa jani langu akapanda lingine, nikaomba Biblia niapie. Baba mdogo Ouko akanivuta koti kwa nyuma, akaninong'oneza kwamba kwetu mtu hapigani na mkwe kwa sababu ya mboga.

Cheptoo alitakiwa kubaki ndani mpaka aitwe. Alitoka. Yeye hufundisha baiolojia sekondari, na alimweleza baba yake, si mimi. Mvua ikiwepo, jani hilo hufungua vitundu vyake mchana. Kiangazi kikikaza, huvifunga mchana lisipoteze maji, huvifungua usiku, na hewa linayovuta huihifadhi kama asidi. Ndiyo maana alfajiri ni chachu. Jua likitoka, asidi hiyo hutumika kutengeneza chakula, na kufikia alasiri imekwisha.

"Kwa hivyo mapenzi ya huyu inaisha saa tisa," Mzee akasema.

"Haiishi, Baba. Inafanya kazi."

Mzee akatangaza kwamba hatoi binti kwa maneno ya darasani. Turudi alfajiri.

Tulilala kwa binamu yangu aliyeko mjini Bomet, baba mdogo akinilaumu mpaka usingizini. Kulipopambazuka, wazee walijipanga uani na blanketi mabegani, kila mmoja na jani lake. Nyuso zilikunjamana moja baada ya nyingine. Mzee Chepyegon alifumba jicho moja, chozi likamtoka. Akameza. Kisha akamshika baba mdogo Ouko mkono, akamwambia waingie ndani, kuna mambo ya ng'ombe ya kuzungumza.

Nilikuwa na beti nne mpya. Nilikohoa kusafisha koo. Cheptoo alinitazama mara moja tu, nikanywa chai.