Cherehani Bila Uzi

Mama Pacha alijua kushona kola ikatulia shingoni kama imezaliwa hapo, lakini insha ilikuwa imemtoa jasho. Si kwamba alikosa maneno. Maneno alikuwa nayo tele, ila hakupata nafasi ya kuyakalisha.

Na siku zilikuwa zimekwisha. Jana yake, walipobaki wawili darasani, mwalimu wa masomo ya jioni alimwambia kwa upole, "Mama, nakuheshimu sana, lakini bila insha siwezi kukuandikisha mtihani. Kesho tukimaliza kipindi, nafunga orodha."

Basi baada ya chakula cha mchana aliziweka nguo za wateja pembeni, akafungua daftari, akafumba macho. "Mungu wangu, umenipa mikono iliyoshona mpaka ikaota sugu. Leo nipe utulivu kidogo tu."

Akaandika: *Mama yangu alishika kitabu cha sala maisha yake yote, na hakujua kusoma.*

"Hodi humu!"

Alikuwa jirani muuza mkaa, ameshaingia kabla ya kukaribishwa. "Nimeona umekaa bure, nikasema nije tupige soga."

"Sijakaa bure, jirani. Naandika."

"Si ndiyo hivyo, umekaa." Akavuta kiti.

Alipoondoka, akaja mteja na gauni mkononi. "Mama Pacha, kwa kuwa leo huna kazi, nipunguzie hii mikono mara moja." Akapunguza. Aliporudi kwenye daftari, sentensi aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa imeshapotea, na wifi yake alikuwa anapiga simu.

Mumewe aliyaona yote hayo. Alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo alikuwa nyumbani anazunguka tu. Akaamua kusimama mlangoni kama askari. "Mke wangu anaandika!" alimngurumia kila aliyesogea. "Asisumbuliwe!"

Hata waliokuwa wanajipitia zao wakasimama. "Anaandika nini, shemeji? Wosia?"

"Anaumwa?"

Ndani, Mama Pacha aliweka kalamu chini, machozi yakamtoka. Mumewe akaingia, akamkuta hivyo, sauti yote ikamwishia.

"Nimekuharibia zaidi, eh?"

"Hujaniharibia, Baba Pacha. Ila nitafeli hata kabla ya kuuona huo mtihani."

Mumewe akajikuna kidevu. "Hivi ukiwa unashona, mbona hawaingii?"

Ilikuwa kweli. Cherehani ikilia, watu humsalimia kutoka barabarani na kupita. Ikinyamaza, hudhani yupo yupo tu.

Wakatazamana. Kisha Baba Pacha akaenda kushusha pazia la dirisha, akakaa nyuma ya cherehani, magoti yakagonga meza.

"Na hiyo miguu yako si itanivunjia mashine?"

"Nifundishe, mwalimu."

Akacheka huku anafuta machozi. Akachomoa uzi, akainua kile chuma kinachokandamiza kitambaa, akamwonyesha kanyagio. Mwanzoni gurudumu lilizunguka kinyumenyume. "Taratibu. Kisigino, halafu vidole. Usiikanyage kama unaua nyoka." Mara ikashika mwendo, na chumba kikajaa ule mlio ambao mtaa mzima ulijua maana yake.

Mama Pacha akarudi kwenye daftari. Akaandika jinsi mama yake alivyokuwa akipapasa ukurasa kwa kiganja, kama mtu anayenyoosha kitambaa kabla ya kukikata. Akaandika jinsi yeye mwenyewe alivyomwonea aibu utotoni, na jinsi sasa, akisoma neno gumu darasani, anavyotamani mama yake amsikie.

"Kazi njema, Mama Pacha!" jirani alipaza sauti kutoka nje.

Baba Pacha alifungua mdomo aitikie kwa lile besi lake. Mkewe aliruka akamziba kwa kiganja. "Asante, jirani!" akaitikia mwenyewe. Hatua zikapita. Wakabaki wanatetemeka kwa kicheko kisicho na sauti, lakini miguu ya mzee haikusimama.

Jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi alipoweka nukta ya mwisho.

"Nimemaliza," alinong'ona. "Pumzika sasa, baba. Umelowa shati lote."

"Hujamaliza." Alikuwa anahema. "Nguo ukishaishona huwa unaigeuza ndani nje, unakagua mshono mmoja mmoja kabla ya kumpa mwenyewe. Hiyo nayo igeuze."

"Na miguu yako?"

"Miguu yangu niachie mimi. Soma."

Akamtazama kidogo, yule mwanamume mkubwa aliyejikunja nyuma ya meza ndogo. *Mungu wangu, niliomba utulivu kidogo,* alisema moyoni, *nawe umenipa na wa kuulinda.* Akavuta daftari, akaanza tena kutoka juu, polepole, midomo ikimcheza. Mstari wa tatu ulikuwa umeruka neno. Akaliandika.