Dakika Kumi na Tatu za Towera

Towera Msiska alikuwa na kigugumizi, na ofisi nzima tulijua dawa yake: muda. Akiachwa atulie, maneno yalimtoka moja moja, safi, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akiharakishwa, alitumbukia.

Mimi nilikuwa msaidizi wa semina, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, mwaka wa tano nikipanga viti, nikigawa karatasi na kushika kengele na kadi za kumwonyesha msemaji dakika zilizobaki. Nafasi ya ukufunzi nilikuwa nimeiomba mara mbili. Mara ya pili akapewa Towera.

Mkufunzi wetu mkuu, Bwana Mkwezalamba, ndiye aliyefungua semina zote kwa miaka kumi na moja. Ufunguzi wake ulikuwa sala, kisha wageni, kisha salamu za wageni, kisha habari za maisha yake tangu alipokuwa akichunga mbuzi kwao Mzimba. Saa nne inafika, mabwana shamba hawajasikia hata neno moja la kilimo, na mchana mazoezi ya vikundi yanakatwa kwa kuwa muda umekwisha. Towera ndiye aliyelisema hilo kikaoni, mbele ya mkurugenzi, Bi Chipeta.

"Nipeni d-dakika thelathini tu," alisema. "Hotuba hapana. Watu washike kazi kabla hawajapoa."

Bi Chipeta akakubali. Bwana Mkwezalamba alipiga makofi kuliko sisi sote.

Semina ilifanyika Dedza, mwezi wa Juni, baridi ya kukata masikio. Asubuhi, kabla washiriki hawajaingia, Bwana Mkwezalamba alinivuta nyuma ya ukumbi.

"Lusungu, ile nafasi bado unaitaka?"

"Naitaka, mkuu."

"Basi leo kadi ya dakika tano mwonyeshe mapema."

"Mapema kiasi gani?"

"Akishaanza kunoga. Saa si unayo wewe? Nani atakuuliza?"

Kisha akaingia na kikapu, akakusanya simu za wakufunzi, eti tuwe mfano kwa washiriki. Ukutani hapakuwa na saa, wala mkononi mwa Towera.

Towera alisimama mbele ya watu arobaini waliojikunyata ndani ya makoti. Hakujitambulisha. Alingoja hadi viti vikaacha kulia, ndipo akauliza, "Nani hapa aliwahi kupanda soya isiote?"

Mikono ikapanda. Mzee mmoja wa mbele akasema, "Mimi! Mpaka leo mke wangu ananiita bwana shamba wa vumbi."

Watu wakaangua kicheko, wakaanza kusimuliana. Mezani nyuma ya Towera kulikuwa na vifuko ishirini vya mbegu alivyovifunga mwenyewe, nzima na mbovu zikiwa zimechanganywa. Kila watu wawili wangechambua kifuko chao na kuziweka mbegu kwenye kitambaa chenye maji, na siku ya tatu waone wenyewe ipi imeota. Huo ndio uliokuwa moyo wa ufunguzi wake. Akanyoosha mkono kuchukua kifuko cha kwanza.

Nikainua kadi ya tano. Zilikuwa zimepita dakika kumi na mbili tu.

Aliitazama kadi, kisha akanitazama usoni. Nikaangalia saa yangu na kutikisa kichwa, kama mtu anayemwonea huruma.

Akaurudisha mkono. Kwa dakika tano vile vifuko visingegawiwa hata nusu, kwa hiyo akarukia karatasi ya malengo ya semina, asije akamaliza bila kuyasoma.

"Ma... ma-ma-ma..."

Neno likakwama. Mtu wa nyuma akamsaidia, "Malengo!" Mwingine akamwigiza, "Ma-ma-mandazi!" Wakacheka. Shingo ya Towera ikatoka mishipa. Nikainua kadi ya mbili. Nikapiga kengele.

"Sa-samahani," alisema, akaketi.

Bwana Mkwezalamba akainuka taratibu, akaangalia saa yake ya mkononi. "Jamani! Dada kaomba dakika thelathini kwa mdomo wake, katumia kumi na saba. Hizi kumi na tatu tuzifanyeje? Tungoje amalizie hilo neno?"

Ukumbi ukalipuka. Bi Chipeta aliandika kitu kwenye daftari lake.

Ndipo mama mmoja wa Ntcheu, Mai Kalilombe, akanyoosha mkono. "Mkuu, mimi nina saa. Huyu bwana ameonyesha tano wakati zimebaki kumi na nane. Nimemwona."

Bwana Mkwezalamba akanigeukia kwa upole. "Mama, msamehe. Huyu Lusungu wetu shule aliingilia dirishani. Saa ya mishale inamshinda."

Kicheko hicho kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Nami nikacheka. Ningefanya nini?

Towera akasimama tena. "S-si yeye," alisema. "Ni mimi. Niliogopa."

Wakati wa chai aliniletea kikombe na mandazi mawili, akaketi karibu nami.

"Usiyaweke moyoni, kaka. Hata mimi walinicheka. Hiyo saa yako inakimbia siku nyingi?"

"Siku nyingi, dada."

"Katengeneze. Itakuja kukuponza."

Nilikunywa ile chai yote.

Kesho yake Bwana Mkwezalamba alifungua kikao mwenyewe, bila sala ndefu wala mbuzi wa Mzimba. Aligawa vile vifuko ishirini. Watu waliinamia mbegu, wakabishana, wakasahau baridi. Alimaliza kwa dakika ishirini na nane.

"Hili wazo ni la nani?" Bi Chipeta aliuliza, amefurahi.

"La sote, mama. Sisi hapa ni kitu kimoja."

Towera alikuwa kwenye meza ya pembeni akiandika majina ya washiriki kwenye vyeti. Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Hakupangiwa semina nyingine. Walimpa chumba cha nyuma, atafsiri vipeperushi vya mbolea, na mwezi wa Agosti akaacha kazi. Wiki ileile Bi Chipeta aliniita kunipa barua ya ukufunzi.

"Wewe ulikuwa karibu naye," aliniambia. "Kwa nini ameondoka?"

"Kachoka na safari, mama."

"Maskini. Hata hivyo ule ulimi haukuwa wa semina."

"Ni kweli, mama," nikasema, nikaipokea barua kwa mikono miwili.