Kituo cha Mwisho cha Matembezi

Jamani, kuna watu wana macho makavu! Kaka mtu alishuka kwenye basi la wageni wa mkutano, akampa mkono mwongoza watalii, akasema, "Habari yako, dada?" utadhani anamsalimu mkata tiketi. Dada yake wa tumbo moja! Eti kwa sababu wenzake walikuwa wanatazama, na yeye ndiye profesa wa kuwahutubia kesho juu ya utunzaji wa wazee.

"Nzuri, mheshimiwa. Karibuni mjini kwetu," akajibu dada mtu, akatabasamu. Akainua mwavuli wake mwekundu wasipotezane, akatangulia. Haki ya Mungu, asubuhi ile alishaamua kumsamehe. Angesema tu "huyu ni dada yangu," yangeisha. Sasa roho ilikuwa inamchemka.

Akawaonyesha ngome, maghala ya kale, na gati la mawe ambapo kila mgeni hupiga picha ziwa likiwa nyuma yake. Hapo ndipo matembezi huishia. Siku hiyo akakata kona, akaingia uchochoro wa mafundi.

"Tumechoka, turudi hotelini," alisema kaka mtu. Jasho lilikuwa limeshamtoka.

"Bado mahali pamoja tu, mheshimiwa."

Wakasimama mbele ya nyumba yenye mlango wa buluu.

"Hapa aliishi fundi wa injini za boti. Akapooza. Binti yake akamlisha, akamgeuza, akamfulia mashuka. Mwanawe wa kiume akapigiwa simu: njoo, mzee anakutaja. Akasema ana mkutano. Mzee akakata roho anatazama mlango huu. Tukamzika, mtoto bado yuko mkutanoni."

"Loo, mtoto gani huyo!" alimaka mama mwenyekiti wa mkutano. "Profesa, mfano huu usikose kwenye hotuba yako!"

Profesa akainamia simu yake. La kuvunda halina ubani.

"Na huyo mtoto yuko wapi siku hizi?" mwenyekiti akauliza.

"Mama, si huyo hapo ubavuni pako? Marehemu ni baba yetu."

Wote wakamgeukia profesa. Mwenyekiti akasogea pembeni, akamwacha peke yake mbele ya mlango wa baba yake.

"Dada," akasema kwa sauti ya kuomba. "Dada yangu."

Dada mtu akafunga mwavuli. Hakuwa amesikia "dada yangu" kinywani mwake tangu kabla ya msiba, na halikumlainisha hata kidogo.

"Matembezi yameishia hapa, mheshimiwa," akamwambia. "Basi lenu liko kule."