Vikombe Viwili vya Oili

Eleuterio Calle alikuwa na maradhi ya kuisifia injini ya pikapu yake. Ukimsalimia tu, umekwisha: atakueleza jinsi marehemu baba yake alivyoivusha pikapu ile kutoka bandari ya Iquique, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1991, ikiwa tayari imezeekea kwa Wajapani; jinsi ilivyobeba viazi, kondoo, maiti wawili na bibi harusi mmoja; na jinsi injini yake ya dizeli, miaka yote hiyo, haijawahi kufumuliwa. Haina kompyuta, haina waya wa kukuringia. Ipe dizeli, hewa na oili, basi. Majirani walishaikariri hadithi hiyo kiasi kwamba hata mbwa wao, nadhani, wangeweza kuimalizia.

Wiki ile ya Karnivali maneno yalimzidi, na alikuwa na sababu. Wafugaji wa kijiji walitafuta gari la kupeleka maziwa yao kila asubuhi kwenye kiwanda cha jibini, na waliobaki kugombea kazi hiyo walikuwa wawili: yeye, na shemeji yake Gumercindo, kaka wa mkewe Justa, mwenye pikapu mpya inayong'aa kama jino la dhahabu. Neno la mwisho lilikuwa la Doña Nicasia, mwenyekiti wa wafugaji, mama asiyecheka ovyo na asiyevua kofia yake nyeusi ya duara hata akikamua ng'ombe. Viazi vya Eleuterio vilikuwa vimepondwa na mvua ya mawe. Asipopata kazi ya maziwa, angefungasha virago akabebe matofali mjini El Alto.

"Shemeji, hilo gari lako likikohoa, kuku wangu wanaacha kutaga," Gumercindo alimchokoza.

"Lako likilowa waya mmoja linalala barabarani siku mbili, linasubiri fundi mwenye kompyuta. Langu likilala naliamsha kwa nyundo."

Basi ikafika Jumanne ya challa, siku ambayo nyumba, mashamba na magari hunyweshwa ili mwaka uende vizuri. Eleuterio aliivisha pikapu tepe za rangi toka taa mpaka bampa. Hakuacha kitu kichafu. Hata filta ya hewa aliing'oa, akaiosha, akaianika ukutani, bomba la hewa likabaki mdomo wazi chini ya boneti. Wageni walikuja kumi na wawili, Doña Nicasia akiwa mbele.

Desturi inajulikana. Wa kwanza kunywa ni Pachamama, yaani ardhi yenyewe, ndipo vifuate vitu, ndipo watu. Na hakuna kumimina kikombe kimoja. Kila mkono humimina viwili, maana kitu kisicho na mwenzake ni mkosi. Mgeni akishika kikombe, hazuiwi. Kumzuia ni kumwambia baraka zake huzitaki.

Eleuterio, bia ya nne ikiwa imeshapanda, akapata wazo ambalo yeye mwenyewe aliliona la kipekee. Bia ni ya bodi. Injini inakunywa nini? Akafungua kifuniko cha oili, akaleta dumu zima, akawakaribisha wageni wainyweshe injini kinywaji chake. Justa alimvuta koti, akamnong'oneza kwamba oili ilishafika alama tangu asubuhi. Eleuterio akamjibu kuwa leo si siku ya vipimo. Vikombe viwili, watu kumi na wawili. Gumercindo alimimina vyake, kisha kwa upendo mkubwa akamimina na vya mke wake aliyebaki nyumbani.

"Mnywesheni mzee ashibe," alisema.

Eleuterio akaingia, akawasha. Injini ikaitika mara moja, naye akachungulia dirishani amwone Doña Nicasia anaitikia kwa kichwa. Mama alikuwa anaitikia kweli. Kisha mlio ukapanda. Eleuterio akatazama mguu wake: haukuwa kwenye pedali ya mafuta. Mlio ukapanda tena, ukawa mayowe, na moshi mweupe mzito ukatoka nyuma ukameza ukuta, kondoo na nusu ya wageni. Akazima. Injini ikazidi. Akauchomoa ufunguo kabisa, akaushika mbele ya macho yake, na gari likaendelea kupiga kelele kama vile ufunguo ule ulikuwa wa kabati.

Oili iliyozidi ilikuwa imepanda hadi njia ya hewa, na injini ya dizeli haina adabu ya kuchagua: chochote kinachoungua kwake ni chakula. Ilikuwa inajinywa yenyewe. Ingejinywa mpaka ipasuke.

Eleuterio alishuka. Miaka thelathini ya sifa, na sasa hakujua hata pa kugusa. Mmoja alimwaga bia kwenye boneti, labda kwa kuomba msamaha. Gumercindo alikuwa ameshavuka ukuta. Boneti ilikuwa inacheza kama kifuniko cha sufuria, na Eleuterio amesimama, ufunguo mkononi, mdomo wazi.

Justa ndiye aliyepita mbele yake. Alitazama bomba la hewa, akatazama huku na huku akitafuta kitu cha kuliziba, kisha akanyoosha mkono akaing'oa kofia kichwani mwa Doña Nicasia. Mbele ya watu. Akaibandika kwenye mdomo wa bomba. Injini ikaivuta, ikaibonyeza, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Hakuna aliyeitazama injini. Wote walitazama nywele za Doña Nicasia, ambazo kijijini hakuna aliyewahi kujua kuwa ni za mvi. Yeye mwenyewe alizigusa, kama mtu anayehakikisha kichwa bado kipo, akaondoka bila kuaga.

Jumatano yote Eleuterio na Justa walimwaga oili, wakafuta mabomba, wakarudisha filta. Alhamisi asubuhi, nyasi zikiwa zimeganda kwa baridi, wafugaji walikuja na madumu yao ya maziwa, na Doña Nicasia akiwa amejifunga kitambaa kichwani. Aliamuru gari liwashwe. Eleuterio alizungusha ufunguo macho yakiwa yamefumbwa. Mzunguko wa pili, injini ikashika, ikatulia, tuku tuku tuku, kana kwamba haijawahi kumkosea mtu.

Hata Gumercindo alisogea kuisikiliza.

"Gari tumelikubali," alisema Doña Nicasia. "Likinusurika na ninyi, litanusurika na barabara."

Eleuterio akaanza kushukuru, akataja Iquique, akataja marehemu baba yake.

"Subiri. Nimesema gari. Dereva ni mkeo."

"Mama, lakini Justa..."

"Kofia yangu aliichukua bila kuniuliza. Wewe ulikuwa unaangalia ufunguo."

Eleuterio aligeuka amtazame Justa, akitegemea atakataa, au atacheka. Justa alikuwa ameshafungua mlango. Akamwonyesha kwa kidevu asogee, akakaa kwenye usukani, akavuta kiti mbele.

"Pakia madumu," alimwambia. "Yatachacha."

Akayapakia.